Usisubiri Matokeo Ndipo Umtafute Mwenzako



Kila mwaka, Oktoba na Novemba, vyuo vya katikati ya jiji la Dar es Salaam vinapokea wanafunzi wapya. DIT na CBE viko Barabara ya Bibi Titi Mohamed, unatembea kwa mguu tu mpaka Kariakoo. Wengi wanatoka mikoani na begi moja na matumaini ya ukoo mzima. Miezi michache baadaye matokeo yanatoka, tunaanza kusikia: fulani ana sapu tano, fulani kadisko. Halafu tunashangaa, "Mbona alikuwa kimya tu?"

Dalili ya mvua ni mawingu. Mwenye duka Mtaa wa Kongo hasubiri hesabu za mwisho wa mwaka ndipo ajue biashara inayumba. Akiona wateja wamepungua siku mbili tatu, anauliza kulikoni. Sisi je, kwa nini tusubiri matokeo?

Mawingu yanaonekana wiki za mwanzo kabisa. Kuna ambaye jina lake halijatoka kwenye awamu za Bodi ya Mikopo, basi usiku anapakua mizigo Kariakoo apate nauli na hela ya kula, asubuhi anasinzia darasani. Kuna ambaye Kiingereza cha mhadhiri kinampita, na anaogopa kuuliza asije akachekwa. Kuna ambaye hana kundi la diskasheni, jaribio la kwanza hakufanya, na ukimtumia meseji anajibu "poa" kila siku. Mhadhiri mwenye darasa la mamia ya wanafunzi hawezi kuwaona wote. Wewe unayekaa naye benchi moja unaweza.

Ila tuwe makini: kuona dalili siyo kumbandika mtu jina. Mtakatifu Thoma wa Akwino alipokuwa mwanafunzi, karne ya 13, wenzake walimwita ng'ombe bubu kwa sababu ya ukimya wake. Inasimuliwa kwamba mmoja alimhurumia, akajitolea kumwelekeza somo, akakuta Thoma analielewa kuliko yeye. Ukimya wake waliuona wote. Kilichokuwa nyuma ya ukimya alikijua yule tu aliyeketi naye.

Na ndivyo alivyofanya Bwana wetu njiani kwenda Emau (Luka 24). Hakuanza na mahubiri. Alitembea nao, akawauliza wanaongea nini, akawasikiliza mpaka wakamaliza. Ndipo akafundisha.

Basi wiki hii mtafute mmoja. Usimuulize, "Unafeli?" Muulize, "Umekula? Jana umelala saa ngapi? Mada gani imekukwamisha?" Kama shida ni ada, msindikize kwa mshauri wa wanafunzi, usimwelekeze tu mlango. Kama ni somo, mwingize kwenye kundi lenu. Kama ni moyo umechoka, mlete TMCS, mkutanishe na padre mlezi.

Na kama huyo mwenye mawingu ni wewe, sema mapema, ndugu yangu. Kuomba msaada siyo aibu. Hata Bwana aliwaomba marafiki zake wakeshe naye Gethsemane.

Ee Yesu Mchungaji Mwema, unayemjua kila kondoo kwa jina, utupe macho ya kuwaona wenzetu kabla hawajaanguka, na miguu ya kuwafuata. Amina.