Hawatakuuliza Habari Uliyoandika

Mwanangu,

Habari yako ya zabuni za halmashauri nimeisoma mara mbili. Ni kazi safi, na nimesikia umeshaitwa kituo cha polisi kwa ajili yake. Nakuandikia kwa sababu najua unachofanya sasa hivi: unapitia aya moja baada ya nyingine ukijiandaa kuzitetea. Zitetee, lakini huenda wasikuulize hata moja.

Mwangalie Erick Kabendera, mwandishi aliyekuwa akiandikia The Economist, The Guardian na The East African. Julai 29, 2019 alichukuliwa nyumbani kwake Dar es Salaam na watu waliovaa kiraia. Polisi wakasema wanachunguza uraia wake. Agosti 5 alipofikishwa Mahakama ya Kisutu, uraia ulikuwa umeyeyuka. Alisomewa mashtaka ya kusaidia genge la uhalifu, kukwepa kodi ya zaidi ya shilingi milioni 173, na kutakatisha fedha. Shtaka hilo la mwisho halikuwa na dhamana, na ndilo lililomweka ndani. Wewe umeripoti mahakamani, unaijua sentensi ile: upelelezi haujakamilika. Kesi inaahirishwa, mtu anarudishwa rumande. Mama yake, aliyekuwa amemwomba Rais hadharani amsamehe mwanawe, alifariki Desemba 31. Mawakili waliomba Kabendera aruhusiwe kumuaga mzazi wake, ombi likakataliwa. Alitoka Februari 24, 2020, baada ya makubaliano na waendesha mashtaka yaliyomtaka alipe mamilioni. Katika miezi hiyo karibu saba, hakuna habari yake hata moja iliyothibitishwa mahakamani kuwa ya uongo.

Kwa hiyo, mwanangu, nyumba yako iwe safi kuliko ya unayemwandika. Malipo ya kila gazeti, hata yale madogo ya kutoka nje, yawe na mkataba na risiti ya kodi. Cheti chako cha kuzaliwa na vya wazazi wako, kitambulisho cha taifa, ithibati ya kazi, vyote viwe na nakala kwa mtu asiyeishi nawe. Najua posho zenyewe hazitoshi nauli, na kumwambia mwandishi wa kujitegemea atunze mafaili ni kumwongezea mzigo. Utunze hivyo hivyo. Makaratasi hayatazuia mtu asikamatwe, ila yatamnyima anayekutafuta njia ya mkato.

La pili ni chanzo chako. Desemba 2016 Maxence Melo, mwanzilishi mwenza wa mtandao wa JamiiForums, alikamatwa na kushtakiwa, pamoja na mengine, kwa kutotoa taarifa za watu ambao polisi waliwataka. Alipanda na kushuka ngazi za Kisutu kwa miaka, na hakuwataja. Wewe huna ofisi wala mawakili kama wake, kwa hiyo kinga yako ianzie mbali zaidi: jina ambalo hujaliandika popote haliwezi kukutwa mfukoni mwako. Usimhifadhi karani wa halmashauri anayekupa taarifa kwenye simu kwa jina lake na cheo chake. Ukimpa mtu ahadi ya kumficha, ahadi hiyo ni kubwa kuliko habari yenyewe, maana siri hiyo ikivuja wewe utabaki na jina, yeye atabaki bila kazi au zaidi ya hapo.

Wakija kupekua, usipandishe sauti. Askari aliyetumwa mlangoni kwako mara nyingi hajui hata umeandika nini, na matusi yako ndiyo yatakayompa kosa la kukuandikia. Mwombe kitambulisho na hati ya upekuzi. Awepo shahidi, mjumbe au jirani. Kila kinachochukuliwa, kuanzia kompyuta hadi daftari, kiorodheshwe na upewe hati uliyoisoma kabla ya kutia saini. Kituoni, sheria inakupa haki ya kuwasiliana na wakili na ndugu. Idai kwa adabu, na uidai tena.

Lakini lililo zito kuliko yote ni kwenda peke yako. Septemba 2, 2012 Daudi Mwangosi, mwandishi wa televisheni ya Channel Ten, aliuawa kijijini Nyololo, Mufindi, akiwa kazini, kwa bomu la machozi lililofyatuliwa karibu na mwili wake. Wenzake walikuwapo na kamera. Picha za askari wamemzunguka zilichapishwa, na mwaka 2016 askari mmoja alihukumiwa kifungo cha miaka 15 kwa kuua bila kukusudia. Kwangu adhabu hiyo ni ndogo, ila kesi ilikuwapo na jina la mtu lilitajwa. Azory Gwanda wa gazeti la Mwananchi, aliyeandika juu ya mauaji yaliyotokea Kibiti, alitoweka Novemba 21, 2017. Hakuna picha, hakuna shahidi aliyesimama mahakamani, na mpaka leo familia yake haijaambiwa yuko wapi.

Usiache kuandika. Zabuni zile ni fedha za watu wanaokunywa maji ya kisima kilichochimbwa nusu, nao hawana mwingine wa kuwasemea. Ila kesho, kabla hujaenda kituoni, mpe mhariri wako wa zamu saa unayoingia na saa unayotarajia kutoka, mpe namba ya wakili, na umwambie asipokuona aje mwenyewe.