Kutaja Jina Kabla ya Kutazama

Je, ni kosa kukiita kitu kwa jina lisilo lake? Wengi watasema, "Jina ni neno tu, na ua halina masikio." Nami nilidhani hivyo, hata siku moja katika vilima vya Mbeya nikafundishwa vingine.

Niliwapeleka wanafunzi kung'oa lantana. Kichaka hicho kililetwa Afrika kutoka nchi za joto za Amerika kiwe pambo la bustani, kikaenea hata malishoni. Ng'ombe wakila majani yake huugua ini, na ngozi yao huungua juani. Basi kazi yetu ilikuwa njema. Lakini jioni alikuja bibi mmoja, akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, dawa yangu ya kikohozi imewakosea nini?"

Tukaenda naye penye rundo. Akatwaa tawi, akafikicha jani, akanipa ninuse: harufu kama ya ndimu. Tawi halikuwa na mwiba. Maua yalikuwa madogo, meupe, yamekusanyika kama kifungo. Matunda yalikuwa makavu. Lantana ile aghalabu ina miiba, maua yake ni ya manjano na mekundu, na matunda yake yana nyama, yakiiva huwa meusi. Yote mawili ni ya jamaa ya verbena, kwa hiyo majani hufanana. Nami nilitazama majani tu.

Mmea wa bibi wataalamu huuita Lippia javanica. Mwaka 1768 Mholanzi Nicolaas Burman aliupa jina la kisiwa cha Java, ingawa kwao ni Afrika. Na kwa kuwa kanuni ya wataalamu hulinda jina la kwanza, mwenyeji huyu wa milima yetu angali akiitwa mgeni wa Java. Tazameni jinsi jina la kosa lisivyofutika upesi!

Je, si hivyo tuwatendeavyo watu? Mtoto wa mlevi huitwa mlevi kabla hajaonja pombe. Mtu wa Iringa ahamiapo Mbeya, kuku mmoja akipotea, yeye ndiye atajwaye kwanza. Twaona jani la ukoo, hatungoji kuona tunda.

Labda mtu atasema, "Tukingoja sana, magugu yatashinda shamba." Ni kweli, magugu yang'olewe. Lakini kufikicha jani moja ni kazi ndogo kuliko kung'oa kichaka kizima. Hata Adamu, wanyama waliletwa kwanza mbele yake, ndipo akawapa majina.

Mashina machache yaliyokuwa na mizizi tuliyapanda tena nyumbani kwa bibi. Mengine yalikwisha kauka. Tangu siku ile mwanafunzi akiniuliza jina la ua, humwambia kwanza aguse shina, anuse jani, atafute tunda. Na mtu akiniletea habari mbaya za jirani, humwuliza kama aliyaona mwenyewe.