Siku ya Mapumziko ni ya Nani?

Mwaka 1926 Henry Ford, mwenye viwanda vya motokaa huko Marekani, aliwapa wafanyakazi wake siku mbili za mapumziko kila juma badala ya moja, wala hakuwapunguzia mshahara. Sababu yake hakuificha. Mtu asiye na nafasi, alisema, hana haja ya vitu vingi. Mwenye nafasi atataka nguo, atataka kusafiri, na huenda akataka motokaa.

Hoja hiyo yarudiwa hata leo na watu wanaotaka juma la kazi la siku nne: saa za kazi zikipungua, watu watanunua zaidi na uchumi utakua. Je, ni kweli? Twaona ni kweli kwa sharti. Mshahara ukipungua pamoja na saa, mfuko wa mfanyakazi huwa mwepesi, na nafasi aliyopata haimnunulii kitu. Mshahara ukibaki ule ule na kazi ikapungua, bei za bidhaa hupanda na kuimeza faida yote. Yapasa basi saa moja izae kuliko zamani, ama kwa mashine bora, ama kwa kuwa aliyepumzika hafanyi makosa ya mchovu. Ufaransa ilianza kutumia juma la saa 35 kwa sheria mwaka 2000, na wataalamu hawajapatana bado kama liliongeza ajira.

Lakini kuna swali lililo kubwa kuliko hayo. Baba Mtakatifu Leo XIII, katika waraka wake Rerum Novarum wa mwaka 1891, alifundisha kwamba mapumziko ya Dominika si uvivu, wala si nafasi ya kutapanya fedha. Mwanadamu hapumziki ili soko lishibe. Hupumzika kwa kuwa ana roho, ana jamaa, na ana Mungu wake.

Tena, siku yetu ya mapumziko ikigeuka kuwa siku ya madukani, hapana budi mtu mwingine asimame kutwa akituuzia. Hapo mapumziko yetu huwa jasho la mwenzetu. Amri ya Mungu katika kitabu cha Kutoka haikumpumzisha mwenye nyumba peke yake; ilimtaja na mtumishi, na mjakazi, na mgeni, hata mnyama.

Hapa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yaweka saa za kawaida zisizozidi 45 kwa juma, na siku za kazi zisizozidi sita. Twaidai sheria hiyo kwa mabwana zetu. Je, twaishika nyumbani mwetu? Yuko binti anayetupikia, anayeamka kabla yetu na kulala baada yetu. Dominika twamwachia mtoto mchanga na masufuria, nasi twaenda Misa.

Basi, ndugu wasomaji, tuanzie hapo. Juma hili baba na mama waketi pamoja naye, wamwulize ni siku gani iliyo yake, wala mshahara wake usiguswe. Aende kusali, aende kwao, au alale tu. Asiponunua hata sindano siku hiyo, itakuwa imetumika vema.