Zuhali na Mwezi: Jawabu kwa Kijana wa Sigowet

 

Tumeletewa barua na kijana mmoja, mzaliwa wa Mombasa, anayesomesha Sigowet, huko bara kwenye chai ya Kericho. Asema kwamba mnajimu alimtazamia nyota ya kuzaliwa kwake, akamwonyesha Mwezi na Zuhali wamekabiliana kwa tarbii, yaani baina yao pana nyuzi 90, robo ya duara. Akafasiriwa kuwa Mwezi ni mama na hisia za moyo, na Zuhali, ambayo wanajimu huiita nuhusi kubwa, ni ubaridi na kunyimwa; basi yeye amezaliwa na moyo ulionyimwa mahaba ya mama, na ubaridi huo hautatoka. Akayasadiki. Idi mbili zimepita hakushuka pwani. Sasa ataka kumpigia mamake simu amuulize saa hasa aliyozaliwa, ili hesabu isahihishwe, naye atuuliza kama jambo hilo lafaa.

Kwanza tusiidhulumu elimu. Falaki iliyowaongoza manahodha wetu kwa nyota ya Suheli, na itujulishayo kibla na nyakati za sala, ni hesabu ya kweli, wala hatuikatai. Tunalolikataa ni kuzipa nyota hukumu juu ya moyo wa mtu. Mwaka wa 10 wa Hijra, siku aliyofariki Ibrahimu, mwana wa Mtume wetu (s.a.w.), jua lilipatwa, na watu wakasema limepatwa kwa kifo chake. Mtume, naye yumo katika msiba, akawakatalia: jua na mwezi hazipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuishi kwake. Angalinyamaza, mwanawe angalitukuzwa. Hakunyamaza.

Kisha natumfuate mnajimu katika hesabu yake mwenyewe. Mwezi huzizunguka buruji zote 12 kwa siku 27 na theluthi. Zuhali huchukua miaka 29 na nusu hivi. Kwa hivyo Mwezi huingia katika tarbii ya Zuhali mara mbili kila mzunguko. Na kwa kuwa Mwezi huenda nyuzi kama 13 kwa siku, na wanajimu huachia nyuzi kadha mbele na nyuma, tarbii moja yaweza kudumu siku nzima na zaidi. Je, wote waliozaliwa siku hiyo, Lamu na London, na watoto wa wachuma chai hapo hapo Sigowet, mama zao wote ni baridi?

Mwaka 1948 mwalimu mmoja wa elimu ya nafsi huko Marekani, Bertram Forer, aliwapa wanafunzi wake 39 kila mmoja karatasi ya tabia zake. Walipoulizwa imewasibu kwa kadiri gani, wastani ulikuwa 4.26 katika 5. Kumbe karatasi zote zilikuwa na maneno yale yale, mengi yametolewa katika kitabu cha unajimu cha kuuzwa njiani! Nani kati yetu hajapata kuona, siku moja ya utoto wake, kwamba mamake hamjali?

Lakini hatusemi kijana huyu hana maumivu. Anayo, na mnajimu ameyagusa, kisha akayafunga mahali asipoweza kuyafikia mkono. Chini kabisa ya barua, kama jambo dogo, ameandika kwamba babake alifariki yeye hajatimiza arubaini. Sisi tumeona hapo ndipo ilipo barua yenyewe. Mwanamke yule alikuwa bado mzazi, akaingia edani miezi minne na siku kumi, na mtoto yu kifuani. Aliyemnyonyesha alikuwa akilia. Ikiwa uso wake haukucheka miezi ile, au hata miaka iliyofuata, kuna haja gani ya kupanda mpaka Zuhali kutafuta sababu?

Jawabu letu basi ni hili. Simu na apige, tena leo, lakini kumwambia kwamba shule zikifungwa atashuka. Akifika asimuulize saa. Amuulize habari za eda ile: nani alikuwa akimpikia, nani alimpakata mtoto alipokuwa akisali, marehemu alimwachia neno gani. Na amwache aseme mpaka amalize, hata ikiwa usiku kucha. Saa ya kuzaliwa kwake huenda akaitaja mwenyewe katikati ya maneno.