Nafasi Iliyoachwa Wazi



Mababu zetu wa Upare waliyeyusha chuma zamani, kabla Mrusi Mendeleev hajapanga elementi zilizojulikana katika jedwali, mwaka 1869. Chuma alikipa mahali pake. Lakini nafasi nyingine aliziacha wazi, akisema wenyewe watapatikana. Kufikia 1886, tatu zilikuwa zimepatikana: galiamu, skandiamu na jerimaniamu.

Nabii Samweli naye alikataa kuketi mpaka Daudi aitwe kutoka malishoni.

Je, sisi wa Kisiwani? Ndugu tuliyekosana naye haji tena kanisani, nasi tumekwisha kumfuta moyoni. Tusiizibe nafasi yake. Kabla ya Jumapili ijayo, twende tukamwite.

Bwana atusaidie. Amina.