Hesabu ya Jikoni: Ni Nani Aliyelipa?



Kila mwisho wa mwezi nyumba nyingi huulizana swali lile lile: fedha zimekwenda wapi? Hilo ni swali la hesabu, na mtu yeyote aliyefika darasa la nne aweza kulijibu akiwa na kalamu na karatasi. Mwezi huu twapenda kuuliza swali jingine lililo gumu zaidi. Nyumba iliyopanga matumizi ya chakula ya mwezi mzima, ikayashika mpaka siku ya mwisho, je, imetenda wema? Au imejua tu kuhesabu? Na nyumba iliyovunja mpango wake, je, imetenda kosa?

Tunauliza kwa sababu sisi wenyewe tulidhani twalijua jibu, kumbe hatukulijua.

Sisi ni wazee wawili, walimu wastaafu, tunaoishi na wajukuu watatu. Pensheni huingia mara moja kwa mwezi, na katika hiyo tumetenga shilingi 240,000 kwa ajili ya jikoni. Sembe kilo 30, mchele kilo 10, maharage kilo 8, sukari kilo 5 na mafuta ya kupikia lita 4 hununuliwa mara moja, siku fedha zinapoingia. Kinachobaki hugawanywa kwa siku: dagaa, mchicha, nyanya, vitunguu, majani ya chai, chumvi na mkaa. Ukigawanya 240,000 kwa siku 30 utapata shilingi 8,000 kwa siku, na ukigawanya tena kwa watu watano utapata shilingi 1,600 kwa kila mmoja. Ndiyo sababu mwezi wenye siku 31 ni mgumu kwetu. Una siku moja isiyo na fungu, na katika mwaka miezi ya namna hiyo ni saba.

Babu ndiye mtunza daftari. Bibi ndiye mpishi. Makala haya tumeyaandika pamoja, maana kosa tunalolisimulia ni la wote wawili.

Tabia ya kupanga hatukuzaliwa nayo. Tulipokuwa chuo cha ualimu, mwishoni mwa miaka ya 1970, siasa ya Elimu ya Kujitegemea iliyotangazwa mwaka 1967 ilitutaka tulime shamba na kutunza hesabu zake, debe kwa debe. Mwaka 1981 tukaanza kazi. Wenye umri wetu hawahitaji kukumbushwa hali ilivyokuwa. Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 vilikuwa vimekwisha, lakini maduka yalikuwa matupu. Tulipanga foleni alfajiri kwa kilo moja ya sukari au mche wa sabuni, tukala unga wa njano uliotoka ng'ambo, na tukashukuru. Wakati ule mshahara ulikuwapo, bidhaa hazikuwapo. Mtu hakuweza kujisifu kwamba hakutumia sukari nyingi, kwa kuwa sukari yenyewe haikupatikana. Duka ndilo lililompangia.

Kisha mwaka 1984 serikali iliwaruhusu watu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, na rafu za maduka zikaanza kujaa. Tangu hapo mambo yamegeuka: bidhaa zipo, fedha hazitoshi. Mpaka uliokuwa mlangoni mwa duka umehamia jikoni kwetu, na sasa ni sisi tunaouweka. Twadhani hapa ndipo swali la wema linapoanza. Anayejizuia kwa sababu hakuna kitu, huyo amezuiwa tu. Anayejizuia na huku vitu viko mbele yake, huyo amechagua. Na mwenye kuchagua aweza kuulizwa kwa nini amechagua hivyo, na kwa faida ya nani.

Tusimulie sasa lililotupata.

Mwanzoni mwa mwaka 2024 sukari iliadimika nchini, kwa kuwa mvua zilikuwa nyingi mno na zilizuia uvunaji wa miwa. Bei ilipanda hata watu wakawa wananunua kwa kijiko. Sisi tulikaa tukapunguza sukari kutoka kilo 5 hadi 3, tukaongeza siku za uji usio na sukari, na jumla ikabaki ile ile 240,000. Bei iliposhuka hatukulegea. Miezi saba mfululizo daftari lilitimia bila deni dukani. Mtunza daftari alijisifu, na hata aliwaeleza wazee wenzake baada ya ibada kwamba anayeshindwa kupanga ameshindwa kutaka.

Katika wiki ya mwisho ya mwezi wa saba alikuja jirani yetu mmoja, mama mwenye watoto wanne, anayeishi kwa vibarua vya mkonge. Kazi ilikuwa imesimama. Alibisha hodi, akakaribishwa barazani, akaomba unga wa kupikia jioni ile. Daftari lilikuwa mezani. Mtunza daftari alilitazama akaona mfuko uliobaki umehesabiwa mpaka tarehe ya mwisho. Akajibu kwa upole, lakini alijibu: "Mama, mwezi huu tumeshaufunga. Tuvumilie mpaka pensheni iingie." Yule mama akasema, "Haya, asante Mwalimu." Akazunguka nyuma kumsalimu mpishi, kisha akaenda zake. Mwezi ulipokwisha daftari likatimia tena.

Siku chache baadaye mjukuu wetu wa miaka minane aliacha ugali nusu sahani. Babu akamkemea kwamba chakula hakichezewi. Mtoto akajibu, "Sichezei, Babu. Namwekea Bibi. Wiki ya mwisho huwa hali usiku. Anasema ameshakula wakati wa kupika."

Nyumba ilikaa kimya. Watoto walipolala, tuliulizana. Ikadhihirika kwamba siku ile yule mama hakuondoka mikono mitupu, wala haikuwa mara ya kwanza. Katika miezi ile saba, kila mtu alipobisha hodi wakati daftari limekwisha fungwa, mpishi alimpimia unga kisha akaliondoa fungu lile katika sahani yake mwenyewe. Alipoulizwa kwa nini hakusema, alijibu, "Baba, daftari lako lina mstari wa chumvi, na mstari wa kiberiti. Halina mstari wa mtu anayebisha hodi. Mimi nilimwandika kwenye sahani yangu."

Basi, wasomaji, daftari lile lilisema kweli au lilisema uongo? Tarakimu zake zote zilikuwa sahihi. Hakuna shilingi iliyoandikwa ambayo haikutumika hivyo. Lakini maneno yaliyo chini ya tarakimu, yaani kwamba watu watano wamekula kwa mwezi mzima, hayakuwa kweli. Wanne walikula. Wa tano alilipia sifa ya daftari kwa njaa yake, na aliyesifiwa barazani ni mwingine.

Tangu siku ile tunasadiki kwamba bajeti ya chakula ni zaidi ya orodha ya bidhaa. Ni mapatano baina ya watu wanaokula pamoja, kwamba sahani ya tarehe 28 itafanana na sahani ya tarehe 3, na kwamba hakuna atakayepungukiwa kwa siri ili mwingine aone mambo yanakwenda vizuri. Kuishika ni wema pale inapomlinda aliye dhaifu: mtoto ambaye mwishoni mwa mwezi hana sauti, au mwenye duka jirani ambaye mikopo yetu humfilisi. Lakini bajeti inayotimia kwa sababu mtu mmoja ameumia kimya haijashikwa. Imevunjwa mahali pasipoonekana.

Wengine watatuambia, "Lakini yule mpishi alitoa kwa hiari, na kutoa ni moyo. Kosa liko wapi?" Ni kweli kutoa ni moyo, wala hatuthubutu kulaumu mkono uliopima ule unga. Lakini mpishi mwenyewe ametuomba tuandike hivi: kuficha nako kulikuwa na kosa lake. Kwa kuficha alimwacha mwenzake aendelee kujisifu, na aliwanyima wengine nafasi ya kutoa. Hata mtoto wa miaka minane, alipojua, alitaka kugawana. Sadaka ya nyumba nzima ilifanywa kuwa mzigo wa mtu mmoja. Tena tusisahau kwamba katika nyumba zetu nyingi huyu mmoja karibu kila mara ni mama. Yeye hupakua mwisho, hula ukoko, na husema ameshiba.

Wengine watauliza, "Je, tumlishe kila anayebisha, mpaka wajukuu walale njaa tarehe 25?" La hasha. Bwana wetu alisimulia habari za mtu aliyetaka kujenga mnara, kwamba hana budi kwanza kukaa na kuhesabu gharama. Kuhesabu si dhambi. Lakini tutazame pia habari za mana jangwani. Wahenga walisema akiba haiozi. Hata hivyo mana iliyowekwa mpaka asubuhi iliingia funza, isipokuwa ile iliyowekwa kwa ajili ya siku ya Sabato, hiyo haikuoza. Chakula ni kile kile na kuweka ni kule kule. Kilichotofautiana ni sababu ya kuweka. Kwetu sisi mafundisho yake ni kwamba akiba yenyewe haina haki wala dhambi. Twapaswa kuuliza imewekwa kwa ajili gani.

Na wengine watasema bajeti ni ya wenye pensheni. Hapa twakiri kwamba maneno yale ya barazani, kuwa asiyepanga hataki, yalikuwa ya dhuluma. Anayelipwa kwa siku hununua robo kilo ya sembe na kipimo kimoja cha mafuta, na kwa vipimo hivyo vidogo hulipa zaidi kuliko sisi tunaonunua kilo 30 kwa mara moja. Yule mama wa mkonge hupanga kila asubuhi, na hana pa kukosea. Sisi hupanga mara moja kwa mwezi, tena tukiwa tumeshiba. Tukilinganisha, huenda yeye ndiye angetufundisha hesabu.

Tumefanya nini, basi? Tumeongeza mstari mmoja juu kabisa ya ukurasa, kabla ya sembe. Umeandikwa "Hodi", na mbele yake shilingi 12,000, yaani asilimia tano ya fungu la jikoni. Ili kuzipata tumepunguza mchele, na kila sahani imepungua kidogo, ya Babu ikiwamo. Fungu hilo likiisha na mtu akabisha, hatusemi tena kwamba mwezi umefungwa. Twaulizana mezani, mbele ya watoto, nani yuko tayari kupunguza na kiasi gani. Kama hatuwezi, twamwambia mgeni ukweli kwamba tumeshindwa, nasi hubaki na aibu yetu. Aibu hiyo ni afadhali kuliko fahari ya zamani.

Sheria ya pili ni fupi: mpishi hupakua sahani yake pamoja na zetu, na hula tukimwona.

Tangu tuanze hivyo, daftari limeshindwa kutimia mara mbili. Mara ya kwanza tulizidisha shilingi 4,500, na mara ya pili, katika mwezi wa siku 31, shilingi 7,000. Tumeziandika kwa wino mwekundu bila kuzifuta, na mwezi uliofuata tumezilipa kwa kupunguza dagaa. Zamani tungaliona haya. Sasa tukizitazama tarakimu zile nyekundu twajua angalau zinasema kweli, na kila mtu nyumbani ajua zilikwenda wapi na nani alizilipa.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kama mwezi huu hesabu ya jikoni kwako imetimia, furahi, maana si kazi ndogo. Lakini kabla hujaufunga ukurasa na kutoka nje kusimulia, ingia jikoni. Mtazame aliyepika, muulize kama amekula, na usikubali upesi akikuambia kwamba ameshiba.