Darubini Ndogo, Stendi Imara

Anayetaka kuanza kupiga picha za nyota huuliza kwanza anunue darubini gani, na wauzaji wanalijua swali hilo vizuri. Ndiyo maana kwenye boksi huchapwa nebula yenye rangi za kuvutia, na juu yake maandishi manene kwamba chombo hiki kinakuza mara 525. Lenzi yenye upana wa milimita 60 haikuzi kwa manufaa zaidi ya mara 120 hivi. Ukiilazimisha kupita hapo, unapata ukungu mkubwa mahali pa ukungu mdogo. Chini yake kuna miguu mitatu myembamba inayotikisika mtu akipita karibu, na hiyo boksi haiisemi. Nadhani mambo hapo yamewekwa kichwa chini miguu juu. Kwa anayeanza, sehemu kubwa ya fedha, hata zaidi ya nusu, iende kwenye stendi. Darubini inunuliwe kwa kinachobaki, na iwe ndogo.

Dunia inapojizungusha, anga huonekana kusogea nyuzi 15 kwa saa, yaani kila dakika 2 nyota husogea kiasi cha upana wa mwezi mpevu. Jicho halijali mwendo huo. Kamera inaujali sana, kwa sababu nuru ya nebula ya Orion, iliyosafiri takriban miaka 1,300 kutufikia, ni hafifu na hudai lenzi ibaki wazi kwa sekunde nyingi, pengine dakika kadhaa. Chukua kamera yenye pikseli za maikromita 4. Kwenye darubini yenye urefu wa fokasi wa milimita 400, nyota iliyo karibu na ikweta ya anga huvuka pikseli 7 kila sekunde kama stendi imesimama tuli. Weka darubini ya milimita 2,000, ile ya kutambia wageni, na nyota hiyo hiyo itavuka pikseli 36. Kila kosa la stendi, kila upepo, kila hatua ya mtu sakafuni huzidishwa mara tano. Kinachotakiwa basi ni stendi yenye mota, inayozunguka kwenye mhimili ulio sambamba na mhimili wa dunia, na yenye nguvu ya akiba: waliozoea kazi hii huibebesha takriban nusu tu ya uzito aliouandika mtengenezaji. Katika taarabu noti hutuzwa mwimbaji, hatuzwi anayeshika mapigo. Lakini huyo wa pili akiyumba, ukumbi mzima unajua.

Historia ya kazi yenyewe iko upande huu. Tarehe 30 Septemba 1880, Henry Draper wa Marekani alipata picha ya kwanza ya nebula ya Orion kwa kuacha nuru iingie dakika 51. Lenzi yake ilikuwa ya inchi 11, wala haikuwa kubwa kuliko zote za zama zake. Bila mtambo wa kuifuata nyota kwa muda wote huo asingepata kitu. Miaka michache baadaye, katika kituo cha Lick huko California, palikuwa na darubini ya lenzi ya inchi 36, kubwa kuliko zote duniani wakati huo. Edward Emerson Barnard, aliyekuwa akifanya kazi hapo hapo, alizipiga picha zake mashuhuri za Njia ya Maziwa kwa lenzi ya inchi 6 iliyotengenezwa kwa ajili ya studio ya kupigia watu picha. Aliifunga kwenye stendi nzuri, akakaa saa nyingi jicho likiwa kwenye darubini ya pembeni, akiirekebisha kwa mkono kila nyota ilipotaka kumtoroka.

Kuna atakayesema darubini ndogo itamnyima mambo. Kwa mwezi na sayari ana haki: vitu hivyo vinang'aa, picha zake ni za sehemu ndogo ya sekunde, na hapo upana wa kioo unashinda. Anayemtaka Zohali peke yake asinisikilize. Lakini galaksi ya Andromeda imetanda angani mara kadhaa ya upana wa mwezi, na Mawingu ya Magellan ni makubwa zaidi. Kwenye darubini ndefu hayaingii. Mwingine atataja darubini janja zinazojitafutia nyota zenyewe. Tazama basi Seestar S50 ilivyo: lenzi ya milimita 50, fokasi ya milimita 250, na akili yote imewekwa kwenye kuigeuza na kuzijumlisha picha za sekunde chache chache. Sioni kama inanipinga.

Pingamizi zito ni bei, na kwetu Afrika Mashariki lina mkia. Stendi nyingi zimebuniwa kwa ajili ya watu wa Ulaya na Marekani, ambao ncha ya anga kwao iko juu sana. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta na Nairobi nyuzi moja na kidogo, hivyo mhimili wa stendi lazima ulale karibu sambamba na ardhi. Baadhi ya stendi haziinami kiasi hicho. Nyingine zinainama, kisha uzito wa kusawazishia unagonga mguu. Kitabu cha maelekezo nacho kitakwambia uilenge Nyota ya Kaskazini, ambayo Dar es Salaam haichomozi kabisa. Kwa hiyo kabla ya kulipa, uliza ni latitudo gani ya chini kabisa ambayo stendi inakubali. Jibu likiwa nyuzi 15, iache, hata kama bei imepunguzwa.

Asiye na fedha hizo na awe na kamera tu, aende kwa fundi seremala. Mbao mbili zilizounganishwa kwa bawaba, na skrubu yenye hatua ya milimita 1 ikizisukuma ziachane, milimita 229 kutoka kwenye bawaba. Skrubu ikizungushwa mara moja kila dakika, ubao wa juu unakwenda na anga. Bawaba ielekee kusini, ikiinuliwa nyuzi 7 kwa mtu wa Dar es Salaam. Nairobi ni kama kuilaza tu. Kwa lenzi ya milimita 50 hiyo inatosha kuipiga Njia ya Maziwa mwezi wa Julai, inapopita juu ya utosi, kwa dakika mbili tatu bila nyota kuwa michirizi. Na kama baada ya miezi michache mtu amechoka kukesha, amepoteza mbao mbili na skrubu.